Pima Kumi na Moja za Baba Mkwe

Nilipoolewa nilikuwa na miaka ishirini, na mwaka huohuo nilipewa kazi ya kufundisha katika shule ya kijiji cha mume wangu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka stesheni ya Igalula. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha udongo chenye ubao na ramani. Masista wa Tabora ndio walionisomesha, na kijiji kizima hakikuwa na mtu mwingine aliyeweza kupiga hesabu za desimali. Sitasema uongo, jambo hilo nilijivunia.

Mume wangu alikuwa kibarua wa njia ya reli. Alilala kambini wiki nzima, akarudi Ijumaa jioni na kuondoka tena Jumapili baada ya sala. Siku nyingine zote nyumbani tulibaki wawili, mimi na baba yake, ambaye alikuwa mgane. Yeye alikaa nyumba yake, mimi yangu, na katikati yetu ulikuwapo uwanja wa kuanikia karanga.

Asiyejua desturi zetu za wakati ule itambidi anisamehe nieleze. Mkamwana hakumkaribia baba mkwe. Sikumpa mkono, sikumtazama usoni, sikukaa penye kigoda chake, na nyumba yake sikuingia kabisa. Chakula chake nilikiweka juu ya kinu kilichopinduliwa karibu na mlango, nikakohoa, nikaondoka. Asubuhi nilipiga goti mbali nikamsalimu mwangaluka, naye akaitikia akiwa anatazama ng'ombe. Hatukuwa tumegombana. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na mimi niliyetoka mjini niliishika kwa nguvu kuliko wenyeji, kwa kuogopa kusemwa kwamba elimu imeniharibu.

Kiangazi cha pili maji ya mbugani yakakauka mapema. Wanawake tulikuwa tukiamka kabla ya jogoo, tukachimba mchanga kwa vibuyu na kungoja matope yatulie. Misheni ikatuma habari kwamba kama wanakijiji watachimba kisima wenyewe, wao watatoa saruji, ndoo ya chuma, kamba ya katani na roda, yaani gurudumu la kupitishia kamba. Baba mkwe akasema atachimba. Alikuwa fundi wa visima tangu ujana wake. Alikuwa mrefu kupita wanaume wote wa pale, mwenye mikono inayokaribia magoti, na ingawa nywele zilishaanza kuwa nyeupe hakuna kijana aliyeshindana naye kwa sururu.

Alichimba miezi mitatu. Kando ya ukuta wa shimo alitoboa vijishimo vya kukanyagia, akawa anashuka na kupanda kwa hivyo, na udongo ukavutwa juu kwa kapu lililofungwa kamba ya magome ya miti aliyoisokota mwenyewe. Kamba hiyo ilikuwa na mafundo, fundo moja kwa kila pima. Pima ilikuwa urefu wa mikono yake miwili ikinyooshwa, kutoka ncha ya kidole cha kati upande huu hadi ncha ya kidole cha kati upande ule. Vipimo vyetu vyote vilitoka mwilini namna hiyo: wanda ni upana wa kidole, shibiri ni kiganja kilichotanuliwa, mkono ni kutoka kiwiko hadi vidoleni. Bwana shamba wa serikali yeye alikuja na futi na wari za Kiingereza. Reli, iliyojengwa na Wajerumani, ilikuwa ya mita, na mapadre na mabruda wa misheni nao walikuwa watu wa mita. Mtu mmoja aliweza kutumia vyote vitatu kwa siku moja kutegemea anaongea na nani.

Siku moja, Jumatano, ikaja barua ya bruda aliyesimamia ujenzi misheni. Iliandikwa kwa Kiswahili kizuri. Alitaka kujua kina cha kisima, na akataka kiandikwe kwa mita, si kwa pima wala kwa futi, kwa sababu kamba angeikata kwa kipimo hicho na kuongeza mita mbili za kufungia. Jibu lifike stesheni kesho yake liwahi treni.

Nilimtuma mama jirani akamuulize baba mkwe, naye akarudi na jibu: pima kumi na moja, na hapo alipofika udongo umeanza kuwa na unyevu, hatachimba zaidi, maji yatajikusanya yenyewe.

Nikakaa mezani. Katika daftari langu la masista ilikuwapo orodha ya vipimo, na humo iliandikwa kwamba pima moja ni wari mbili, na wari moja ni sentimita tisini na moja. Basi pima moja ni sentimita mia na themanini na mbili. Nikazidisha kwa kumi na moja. Jibu likaja mita ishirini na sentimita mbili. Nakumbuka jinsi nilivyofurahi kuona hesabu imetoka safi namna ile. Zile sentimita mbili nikaziacha, nikaandika mita ishirini, nikapiga mstari chini yake.

Nilikuwa na rula ya mita moja shuleni, ya mbao, yenye alama nyekundu kila sentimita kumi. Ilikuwa hatua mia mbili kutoka kisimani. Kamba yenye mafundo ilikuwa imelala pale ukingoni. Ningeweza kumwomba mama jirani aipime, au amwambie mzee anyooshe mikono ukutani. Lilinipitia akilini, hilo nakiri. Lakini kupeleka rula kwenye mwili wa baba mkwe, hata kwa mkono wa mtu mwingine, niliona ni kumvunjia heshima. Na zaidi ya hayo nilikuwa na jibu tayari, limeandikwa kwa wino.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, mume wangu alirudi kutoka kazini amebeba kamba mpya begani, imeviringwa kama chatu, inanukia mafuta. Roda na ndoo vilibebwa na jirani. Kulikuwa na furaha ndogo pale uwanjani. Jumamosi asubuhi wanaume wanne wakasimika nguzo za kushikilia roda juu ya shimo. Walikosa kamba za kufungia nguzo, na mume wangu, akiona kamba mpya imefika, akaikata ile ya magome vipandevipande, wakafungia nguzo. Hakuna aliyemkataza. Ilikuwa imechakaa, kazi yake imekwisha.

Baba mkwe hakungoja wamalize. Alishuka kwa vijishimo vyake, na kijembe kifupi kiunoni, ili alainishe mahali pa ndoo kutua. Mimi nilikuwa kwangu, napepeta. Nilisikia mshindo ambao haukuwa mkubwa, kama gunia la nafaka limeangushwa, kisha nikamsikia mume wangu anaita baba yake. Aliita mara tatu. Nikatupa ungo nikakimbia.

Upande mmoja wa shimo ulikuwa umeporomoka, upande uleule wenye vijishimo. Vumbi lilikuwa linapanda. Mume wangu alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, wenzake wamemshika miguu. Kwa muda hatukusikia kitu. Kisha sauti ikatoka chini, ndogo, lakini yake. Alisema yu hai, ameketi, jiwe limemkalia mguu wa kushoto na mchanga umemfika kiunoni. Akasema udongo bado unadondoka, wateremshe kamba upesi ajifunge, kwa maana ukianguka tena hatakuwa na pa kupumulia.

Wakateremsha kamba mpya kupitia rodani. Ilikwenda, ikaenda, ikafika mwisho wake pale ilipofungwa nguzoni. Mume wangu akauliza kama ameipata.

Mzee akajibu kwamba anaiona, ila haifiki. Akasema imebaki mikono miwili na shibiri juu ya vidole vyake.

Wanaume wakatazamana. Mmoja akasema haiwezekani, misheni wamekata kwa kipimo cha barua. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, na katika ule muda mfupi nilielewa yote. Niliona daftari langu, niliona ule mstari. Pima ya daftari ilikuwa pima ya mtu wa wastani ambaye sijui ni nani. Baba mkwe hakuwa mtu wa wastani, na kisima kilikuwa cha mikono yake, si ya mtu yule.

Mume wangu akafungua kamba nguzoni na kuitoa rodani, ili zile mita za kufungia zipatikane. Wakaishika kwa mikono mitupu, watatu wamekaa wamekanyaga mizizi, yeye wa kwanza karibu na shimo. Mchanga wa ukingo ulikuwa unamomonyoka chini ya visigino vyake. Sauti ikatoka chini kwamba sasa ameishika ncha, kiasi cha ngumi mbili. Wakasubiri. Kisha akasema hawezi kujifunga kwa ngumi mbili, na wasijaribu kumvuta, viganja vyake vimelowa.

Kilitakiwa kipande cha kuongezea, chenye nguvu, na kilitakiwa sasa hivi. Kamba ya magome ndiyo hiyo iliyoshikilia nguzo, imekatwa vipande vya mkono mmojammoja. Mtu mmoja akataja kwenda kijiji cha jirani. Mchanga ukasikika unateleza tena ndani, kama mtama unaomwagwa, na mzee akakohoa kwa muda mrefu.

Nikakumbuka kitanda chake. Vitanda vyetu wakati ule vilisukwa kwa mikanda ya ngozi mbichi ya ng'ombe, mikanda mirefu isiyokatika, na chake nilijua ni kipya kwa sababu nilikuwa nimemwona akilainisha ngozi uwanjani. Nilichukua panga lililokuwa chini karibu na nguzo, nikakimbia. Mlangoni kwake nilisimama. Ni aibu kusema, lakini nilisimama, mtu yuko shimoni na mimi nimesimama mlangoni kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Kisha nikaingia.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya tumbaku. Nilitupa mkeka wake sakafuni, nikakata mikanda pale inapozunguka mbao za kichwani na miguuni, nikaivuta kwa mikono na meno. Nilipokuwa naifungua nilijikuta naanza kuipima kwa mkono wangu, kiwiko hadi kidole, mmoja, miwili, mitatu. Nikaacha. Nikachukua yote.

Tuliisokota mitatumitatu, mimi na mama jirani, na mtu mmoja akafunga mafundo. Kilipatikana kipande kinachozidi pima mbili, pima za yeyote. Sasa ilibidi kamba ipande juu tuunganishe, na mzee aliikamata ile ncha. Mume wangu akamwambia aiachie. Hakuachia. Akamwambia tena. Haikulegea. Mume wangu alinigeukia, na uso wake sijauona hivyo tena maisha yangu yote. Alikuwa anashikilia kamba ya baba yake na hawezi kuivuta.

Nikapiga magoti ukingoni, nikainama. Nilikuwa sijawahi kusema naye neno zaidi ya salamu.

"Baba," nikasema, "ni mimi. Iachie kamba. Tunaiongeza, inarudi sasa hivi."

Kisha akauliza, taratibu kabisa:

"Mkamwana, mmeongeza kwa nini?"

"Kwa ngozi ya kitanda chako."

Nadhani alikuwa anapima jambo hilo. Mchanga ulikuwa unamwagika. Halafu akasema, "Basi vuta," na kamba ikalegea mikononi mwa wanaume.

Kuipandisha, kuifunga na kuiteremsha tena hakukuchukua muda ambao mtu angeweza kusali sala ya Baba Yetu mara tano, lakini kwangu ulikuwa ndio muda mrefu kuliko yote. Safari hii kamba ilipitishwa rodani na kufungwa nguzoni. Nilimwambia apitishe ngozi chini ya kwapa, azungushe mara mbili, afunge kifuani. Akawa ananijibu kila hatua kama mwanafunzi: nimepitisha, nimezungusha, nimefunga. Alipofunga, wanaume wakakaza kamba, si kumvuta bali kumshikilia tu, naye akaanza kujifukua kwa kile kijembe na kwa mikono.

Mara moja udongo ulianguka tena. Ulimfika kifuani, akapiga kelele mara moja tu, kisha akanyamaza, na kamba ikatetemeka. Mume wangu alitaka kushuka, wenzake wakamzuia. Mimi niliendelea kumwita, namuuliza mchanga uliobaki, namuuliza jiwe liko upande gani, maswali ambayo majibu yake hayakunisaidia kitu ila kujua kwamba anajibu. Aliendelea kutupa vipimo vyake: jiwe shibiri mbili, mchanga mkono mmoja, sasa ngumi moja. Jua lilifika utosini na kuvuka. Hatimaye akasema mguu umetoka, lakini hauhisi.

Walimvuta. Alitoka amekuwa mwekundu wote kwa udongo, mguu wa kushoto umepinda chini ya goti. Walipomlaza chini alikuwa akinitazama mimi, nami kwa mara ya kwanza nikamtazama. Alikuwa na macho kama ya mwanawe.

Alilazwa hospitali Tabora miezi miwili. Siku ya nne nilimwambia mume wangu habari ya daftari. Hakunipiga wala hakunifokea. Alitoka akaenda kuketi kisimani, penye vipande vya ile kamba ya magome, akakaa mpaka chakula kikapoa. Aliporudi akasema yeye ndiye aliyeikata, kwa hiyo tusihesabiane. Lakini wiki kadhaa alizungumza nami kwa maneno machache. Bruda nilimwandikia barua ya kueleza kosa, na akajibu kwamba kosa ni lake pia. Alipaswa kuuliza ni pima ya nani.

Watu nao walisema. Walisema mwalimu ameingia nyumba ya baba mkwe, amekata kitanda chake, amemwamuru kama mtoto. Wengine walisema mguu umevunjika kwa sababu hiyo, ingawa ulivunjika kabla. Mama jirani alinitetea mbugani, kanisani na shambani, lakini mimi nilikuwa nikitoka shuleni nazunguka njia ya nyuma ili nisipite penye watu.

Baba mkwe alirudi kwa gari la misheni, anatembelea mkongojo. Jumapili ya kwanza, watu walipotoka kusali, aliwaita waje uwanjani kwetu. Akanituma mwenyewe, kwa sauti, nikalete rula ya shuleni. Nilidhani anataka kunihukumu. Nikaenda nikaileta.

Akaegemea ukuta wa nyumba yake, akaweka mkongojo chini, akanyoosha mikono yote miwili.

"Pima," akaniambia.

Nikamtazama mume wangu. Akaitikia kwa kichwa. Nikapiga alama ya mkaa ncha ya kidole huku, nikapiga alama kule, na katika kupiga ile ya pili mkono wangu uligusa wake. Hakuna aliyekohoa. Nikaweka rula. Mita mbili na sentimita moja.

Alipokwisha kukaa akawaeleza watu kwamba baba yake alikuwa mpagazi, akipita njia iliyokuwa nyuma ya shamba letu kwenda pwani, na kwamba kila walipofika mahali pa kulipa ushuru wa nguo kwa watemi, ugomvi ulikuwa ni mmoja: kitambaa kipimwe kwa mkono wa nani. Msafara ulitoa mtu mfupi, mtemi akatoa mtu mrefu. Walikaa siku mbili, tatu, wakibishana. "Mimi nilijua hayo tangu mtoto," akasema, "na sikumuuliza mkamwana ameandika pima ya nani. Kwa hiyo jambo hili msilimwekee yeye peke yake."

Nilirudi ndani nikalia, si kwa huzuni wala kwa furaha, nilikuwa nimechoka tu.

Desturi haikuisha siku ile. Niliendelea kukohoa mlangoni, na yeye aliendelea kutazama ng'ombe. Lakini akiwa na barua ya kusomewa alinituma nikae upande wa pili wa uwanja nimsomee kwa sauti, na polepole upande wa pili ukasogea. Darasani niliwaambia watoto wajipime mikono yao kwanza, kila mmoja aandike yake, ndipo nikawaandikia zile wari mbili za daftari. Ofisa wa elimu alipokuja kukagua aliona ninapoteza wakati wao.

Kisima kilimalizwa mwaka uliofuata na mafundi wawili kutoka Isikizya, wakajengea ukuta wa saruji kutoka chini hadi juu. Baba mkwe alikaa ukingoni kwenye kiti, mguu ameunyoosha, akiwaelekeza kwa pima na mimi nikiwaandikia kwa mita. Maji yalipatikana walipoongeza pima moja tu. Wiki mbili za kwanza yalikuwa na rangi ya chai. Tulikuwa tukiyaacha kwenye mtungi usiku kucha, asubuhi tunamimina taratibu, na tope linabaki chini.